Mafuta Katika Kopo la Kifuniko cha Bluu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kiwanda cha maziwa cha Arusha, nilivunja kifaa cha maabara kabla ya saa nne asubuhi. Sikuwa mzembe. Hakuna aliyeniambia kwamba maziwa yakikutana na tindikali hupata moto kama uji ulioepuliwa sasa hivi, nami nilikuwa nimeushika ule mrija wa kioo kwa mkono mtupu, nikiutikisa kama nilivyoagizwa. Uliponiunguza niliuachia. Ukapasuka sakafuni, tindikali ikatoboa pindo la koti langu jeupe jipya, nikabaki nimesimama nikijua kwamba basi la mchana litanirudisha kwetu Akheri.

Mkuu wa Maabara alikuwa Mchaga wa Machame, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa waya upande mmoja. Kwa mkewe na majirani aliitwa Baba Aneth, na sisi kiwandani tulimwita hivyohivyo pale asipokuwepo. Alikuja bila haraka, akamwaga magadi juu ya ile tindikali, akaikusanya, kisha akachukua mrija mwingine, akauzungushia taulo na kunikabidhi.

"Umeshajua kwa nini tunatumia taulo," alisema. "Sasa hutasahau. Rudia."

Nikarudia. Ninyi vijana mnaosoma maandishi ya nyuma ya pakiti mngependa kujua zile namba zinatoka wapi, kwa hiyo ngoja niwaeleze. Ule mrija unaitwa butirometa. Una tumbo nene na shingo nyembamba yenye mistari na namba kama rula. Unatia tindikali ya salfa kwanza, unamimina maziwa taratibu yakae juu yake, unaongeza spiriti kidogo ya maabara ambayo si ya kunywa, unaziba kwa kizibo cha mpira, halafu unatikisa. Tindikali inakula kila kilichomo ndani ya maziwa isipokuwa kitu kimoja. Unaupeleka mrija kwenye mashine ya kuzungusha, baadaye kwenye maji ya moto, na ukiutoa unakuta kule shingoni kuna safu ya manjano, safi, imesimama juu ya weusi. Hayo ndiyo mafuta. Unasoma namba iliyo pembeni yake.

Yangu ya kwanza ilisoma tatu na nusu, maana yake katika kila gramu mia za maziwa yale, gramu tatu na nusu zilikuwa mafuta. Jamani, moyo uliniruka. Nilikuwa nimekunywa maziwa tangu nikiwa sijaota meno, nimeona mama akiyakoroga, akiyapima kwa jicho, akiyasifia na kuyasema, lakini sikuwahi kuyaona yakijieleza yenyewe. Niliomba nipime tena. Baba Aneth akanitazama juu ya miwani, akasema maneno ambayo baadaye nami niliwaambia wote niliowafundisha: "Ulimi una njaa, na macho yana upendeleo. Mrija hauna ndugu."

Nilipomaliza miezi ya majaribio nilipangiwa kituo cha kukusanyia maziwa upande wa Olmotonyi, karibu na miti ya misitu. Kulikuwa na baridi ya kukata masikio, na akina mama walifika na madumu yao umande haujakauka. Kwao Waarusha, na kwetu Wameru pia, maziwa mazito ni heshima ya nyumba. Mgeni anapewa ya juu, yaliyo na malai, ule utando wa krimu, na loshoro ya mahindi na maziwa mgando ya kujivunia ni ile inayoacha kijiko kinang'aa. Mtu aliyenenepa alipongezwa kwamba maisha yamemkubali. Mafuta yalikuwa baraka, na mimi mwenye mrija nilikuwa mtu wa kutangaza nani amebarikiwa zaidi. Niliipenda kazi ile kupita kiasi, na nadhani kichwa kilianza kuvimba.

Wiki ya tatu Baba Aneth alikuja kukagua. Alinikuta nikichota maziwa kwa kijiko kutoka juu ya dumu la mama mmoja na kumsifia kwamba ng'ombe wake ni wa ajabu. Akaniuliza kama nimekoroga. Sikuwa nimekoroga. Mafuta huelea, na dumu lililokaa saa mbili juu ya punda linakuwa na krimu juu na maziwa mepesi chini. Aliniamuru nikoroge kutoka chini kwenda juu, nipime upya mbele ya akina mama wote. Ng'ombe wa ajabu akageuka kuwa ng'ombe kama wengine, na yule mama akanichukia kwa miezi sita.

Baba Aneth hakunifokea. Aliniambia tu, tukiwa tunaosha vyombo, kwamba nisipime maziwa yaliyo karibu na mkono wangu, bali yale ambayo mtu atayanywa. Niliitikia ndiyo, bwana. Nilidhani nimeelewa, na kwa miaka mingi hakuna aliyenionyesha kwamba sikuwa nimeelewa.

Nilihamishwa nikarudi kiwandani mjini. Nilisaidia maabara, nikawa mpimaji mwandamizi, na Baba Aneth alipostaafu na kwenda kukaa kwenye kishamba chake Maji ya Chai, nikakaa kwenye kiti chake. Siku aliyonikabidhi funguo nililia, naye akajifanya anafuta miwani.

Meneja wetu wakati huo alikuwa Bi Mwanaidi, mtu wa Tanga, mwenye lugha tamu ya pwani na akili ya biashara isiyolala. Yeye ndiye aliyeona kwamba dunia inabadilika. Watu wa Arusha sasa walikuwa na magari, chipsi mayai kila kona, kazi za kukaa, na kliniki zilizojaa watu wa makamo wanaoambiwa wapunguze mafuta. Akaniita ofisini akasema tutengeneze mtindi usio na mafuta, wenye kifuniko cha bluu, kando ya ule wa kawaida wenye kifuniko chekundu. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba maneno ya kwenye kopo ni ya kweli. Chini ya kila kifuniko cha bluu, pembeni ya tarehe, zilipigwa herufi za jina langu, E.M., yaani mimi Elifuraha nimepima na nimeridhika.

Sijawahi kuwa na furaha ya kazi kama ya miezi ile. Tulikuwa na separeta, mashine inayozungusha maziwa kwa kasi na kutoa krimu upande mmoja na maziwa mepesi upande wa pili. Tuliirekebisha mpaka nilipopima kwenye tangi safu ya manjano ikawa nyembamba kama uzi, karibu haisomeki. Niliita watu waje waone. Nilikimbia na mrija mkononi mpaka ofisini kwa Bi Mwanaidi, naye akaacha simu akautazama kwenye dirisha. Kisha nikaitisha kikao kifupi cha wafanyakazi wa chumba cha kujazia, ambako makopo yalijazwa kwa upawa, nikawaambia kwa msisitizo: huu wa bluu ni wa wagonjwa, uangalieni kwa makini zaidi kuliko ule mwekundu. Wote wakaitikia. Aliyeitikia kwa sauti kuliko wote alikuwa mjazaji wetu mkongwe, Yeyo Nashipai, Mwarusha wa kule juu milimani. Yeyo ni mama kwa Kimaasai, na kiwanda kizima kilimwita hivyo.

Mtindi wa bluu ulipokelewa kwa shangwe. Wenye maduka walisema hawajawahi kuona kitu kisicho na mafuta kikawa kitamu namna ile. Mtindi wa aina hiyo kwa kawaida ni mwepesi na mchachu, unakushika taya. Wetu ulikuwa laini, unateleza. Mimi nilisema ni ustadi wa mbegu ya mtindi tuliyochagua. Bi Mwanaidi alisema ni baraka za Mungu. Utamu ule ungetakiwa kutushtua, maana utamu wa maziwa hukaa ndani ya mafuta, na mtu wa maabara hana udhuru wa kutolijua hilo. Lakini sifa nazo hulevya, na mimi nilikuwa nimelewa.

Ndipo asubuhi moja Baba Aneth alipoingia maabara akiwa na kikapu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, lakini hakukaa nilipomvutia kiti. Alikuwa amenenepa kidogo, na uso wake haukuwa na amani.

"Elifuraha," alisema, "mimi nimekuwa mwongo nyumbani kwangu."

Akaeleza. Daktari alimpima damu akakuta mafuta yamezidi, akamwambia moyo wake uko hatarini. Baba Aneth ni mtu wa vipimo, kwa hiyo alitii kwa vipimo. Aliacha nyama choma, aliacha siagi, aliacha hata mtori wa ndizi wa Mama Aneth unaopikwa kwa mfupa wenye uboho. Alichobakiza kwa starehe ni mtindi wetu wa bluu, makopo manne kwa siku, kwa sababu aliona herufi zangu chini ya kifuniko. Aliporudi kupimwa, damu ilikuwa vilevile na uzito umeongezeka. Daktari akamwambia kwa adabu kwamba wagonjwa wengi hawasemi ukweli. Mama Aneth hakuwa na adabu hiyo. Alimwambia mumewe kwamba anajificha kwenye mabanda ya nyama pale mabasi yanaposimama Maji ya Chai, na aliwapa akina mama wa jumuiya ya kanisani kazi ya kumvizia. Mzee wa kanisa, mtu ambaye maisha yake yote alikataa kuongeza hata pointi moja kwenye namba ya mtu, sasa mkewe alikuwa akimnusa mashati.

Akatoa makopo mawili kutoka kwenye kikapu, yamefungwa vizuri, akayaweka mezani kwangu.

"Sikuja kulaumu. Nimekuja kupima. Mrija ukisema hamna mafuta, nitarudi nyumbani nikatafute kosa langu. Ukisema yamo, basi nataka mke wangu ajue."

Mtindi ni mzito, hung'ang'ania pipeti, ule mrija wa kuvutia maziwa, kwa hiyo huupimi kwa ujazo bali kwa mizani. Nilipima, nikatia tindikali, nikazungushia taulo, naye amesimama nyuma yangu kama ile siku ya kwanza. Mashine ya kuzungusha ilichukua dakika zake tano, na zilikuwa dakika ndefu. Nilipotoa mrija kwenye maji ya moto sikuhitaji kuinama kusoma. Safu ya manjano ilikuwa imesimama pale, nene, inang'aa, haina aibu. Ilisoma zaidi ya mbili.

Nilisema tindikali imezeeka. Nikafungua chupa mpya, nikapima kopo la pili. Zaidi ya mbili. Nikageuza kifuniko, na herufi zangu zikanitazama.

Nitasema ukweli: kwanza nilikasirika na watu wengine. Nilimwita fundi wa separeta na kumwambia mashine yake inavujisha krimu. Fundi akanuna, akaifungua mashine sahani moja moja mbele yetu, ikawa safi kama kikombe cha sakramenti. Nikaleta daftari langu la vipimo, siku baada ya siku, namba zote karibu na sifuri. Baba Aneth alilifungua, akalisoma kurasa kadhaa, akalifunga.

"Hizi ulipima wapi?"

"Kwenye tangi."

"Watu wananunua tangi?"

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Miaka yote ile, tangu Olmotonyi, nilikuwa mwanafunzi aliyeitikia ndiyo bila kusikia. Nilipima mahali palipokuwa karibu na mlango wa maabara, panapofikika bila kuvaa mabuti. Kati ya tangi na mdomo wa mgonjwa kulikuwa na chumba kizima ambacho mrija wangu haukuwahi kukitembelea.

Tukavaa mabuti na kofia, tukaenda chumba cha kujazia, tukasimama mlangoni. Yeyo Nashipai alikuwa na ndoo ya mtindi wa bluu mbele yake. Hakutuona. Alikwenda meza ya pili, akachukua jagi la krimu iliyokuwa inasubiri kupelekwa kwenye siagi, akarudi, akaimimina yote ndani ya ndoo, akakoroga kwa mwiko mrefu polepole, kwa upendo kabisa, kama anayemtengenezea mwanawe. Kisha akachukua upawa na kuanza kujaza. Alipogeuka akatuona, hakushtuka wala kuficha jagi. Akatabasamu, akamsalimia Baba Aneth kwa furaha maana hawakuwa wameonana muda mrefu.

Nikamuuliza, Yeyo, unafanya nini.

"Si ulisema huu ni wa wagonjwa, tuuangalie?" alinijibu. "Mimi nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza nilitokwa damu nikabaki ngozi. Wakanichinjia kondoo, wakaniyeyushia mafuta, nikanywa mpaka nikaweza kusimama. Sasa ninyi mnaletea wagonjwa maziwa yaliyotolewa kila kitu, kama wanachukiwa na watu wao. Nikasema mashine imekosea na hawa vijana hawajui. Nikawa nasaidia kidogo kila ndoo."

Baba Aneth alianza kucheka. Alicheka mpaka akatafuta kreti akakaa, akavua miwani, machozi yakamtoka. Mimi nami nikacheka, kwa woga zaidi kuliko furaha. Halafu akakatiza kicheko, akashika kifua chake kidogo kwa kiganja, akasema kwa sauti ya chini kwamba si yeye peke yake anayekula huu mtindi. Kicheko changu kikaisha palepale.

Tulikwenda kwa Bi Mwanaidi. Alisikiliza yote huku kalamu yake imesimama hewani. Aliuliza kama Yeyo amefukuzwa, nikamwambia kwamba kama ni kufukuza aanze na mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia mwanamke wa Kiarusha aangalie wagonjwa bila kumweleza ugonjwa wenyewe. Akasema kuanzia kesho krimu itawekwa chumba kingine, vipimo vifanyike kwenye makopo, na mambo yaishe kimyakimya.

"Yaliyopita si ndwele, Elifuraha. Tugange yajayo."

"Bi Mwanaidi," nilimwambia, "yaliyopita yako kwenye friji za watu."

Sikujua kwamba nilikuwa na ujasiri huo. Nilimwambia herufi zilizoko kule ni zangu, si za kiwanda, na kwamba sitaweka herufi hizo kwenye kopo lolote la kesho wakati ya jana yanaendelea kudanganya. Mtu mmoja amesimama hapa ameitwa mwongo kwa sababu yangu. Wengine hatujui wako wapi, na wao hawana maabara ya kwenda kuuliza. Bi Mwanaidi alimtazama Baba Aneth, akanitazama mimi, akaenda dirishani. Aliporudi alifungua droo, akanirushia funguo za gari la usambazaji, akasema nichukue na dereva, naye atapiga simu kwa wenye maduka mwenyewe, duka kwa duka, aseme kosa ni letu.

Siku tatu zilizofuata zilikuwa kama vita tamu. Tulizunguka mjini, tukaenda Tengeru, tukafika Usa River, kila duka tunaeleza kinagaubaga: mtindi huu hauna sumu, una mafuta yasiyoandikwa, na kama umekatazwa mafuta basi umedanganywa. Nilitarajia matusi. Badala yake watu waliuliza maswali ambayo sikuwahi kuulizwa miaka yote. Hivi mafuta ya maziwa na ya alizeti yanatofautianaje? Mbona hii chupa ya mafuta ya kupikia imeandikwa haina kolesteroli? Nikawaambia kwamba mafuta ya mimea yoyote hayana kolesteroli, kwa hiyo huyo anajisifia kitu ambacho jirani yake rafuni anacho pia, na ukiyakaangia chipsi mara kumi mpaka yakawa meusi, hiyo sifa haikusaidii. Nilikuwa nahubiri mpaka sauti ikakauka.

Bibi mmoja Maji ya Chai alikataa kurudisha makopo yake. Alisema huu ndio mtindi pekee anaoupenda. Nikamuuliza kama daktari amemkataza mafuta, akasema hajawahi kuumwa hata kichwa. Basi bibi, nikamwambia, nunua wenye kifuniko chekundu, ni huohuo na zaidi, kula ukijua unakula nini. Akanitazama kama mtu aliyegundua siri kubwa. Na hiyo ndiyo siri, haina nyingine. Mafuta si adui. Mtoto anayekua anayahitaji, mwili unayahitaji. Ubaya ni mtu kuchaguliwa chakula na mwingine bila mwenyewe kujua.

Kituo cha mwisho kilikuwa nyumbani kwa Baba Aneth. Mama Aneth alitukaribisha kwa uso mkavu, akatuwekea chai. Sikuigusa. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kila neno, kuhusu tangi, jagi na herufi zangu, na kwamba mume wake alisema kweli na kopo ndilo lililosema uongo. Aliketi. Kwa muda mrefu alikuwa akinyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na mkunjo.

"Kwa hiyo hukula nyama," alimwambia mumewe.

"Sikula."

"Nisamehe, Baba Aneth. Nimekutangaza kwa watu."

"Nimekusamehe," alisema. Kisha akakohoa. "Na wewe unisamehe. Jumamosi moja nilikula mishikaki miwili."

Mama Aneth alimtazama, halafu akaangua kicheko ambacho nadhani kilisikika mpaka barabarani, naye Baba Aneth akacheka, nami nikaweza kunywa chai yangu. Jumapili iliyofuata Mama Aneth alisimama mbele ya jumuiya ileile akasema mume wake si mwongo. Ile mishikaki hakuitaja. Baada ya miezi kadhaa Baba Aneth alinipigia simu akitoka hospitali, hakusalimu hata, alisoma tu namba za damu yake kwa sauti, mpya na ya zamani, mara mbili, nami nilikuwa naruka maabara nzima na simu sikioni.

Yeyo nilimwingiza maabara mwenyewe. Nilimwonyesha mtindi bila jagi lake na mtindi wenye jagi lake, mirija miwili pamoja. Kisha nikaweka sufuria yenye mafuta yaliyoganda karibu na bomba la sinki, nikamweleza kwamba kuna watu mishipa yao ya damu inaanza kuziba kama bomba linalomwagiwa mafuta haya. Aligusa yale mafuta kwa kidole. Akaniuliza kwa nini sikumwambia hivyo tangu mwanzo, yeye si mtoto mdogo. Kuanzia siku hiyo kijiko kilichogusa krimu hakikupita karibu na ndoo ya bluu, na alikuwa mkali hata kwangu. Yeye ndiye aliyekuwa ananichagulia kopo la kupima, lililofungwa, kutoka popote alipotaka, na hakuniambia kabla.

Mtindi wenyewe, bila msaada wake, ulikuwa mwepesi na mchachu. Wateja walipungua nusu mwaka, kisha wakarudi polepole wale waliouhitaji kweli. Na mpaka nilipostaafu, kila Ijumaa Baba Aneth alinipigia simu kuniuliza swali moja tu: umepima wapi?

Sasa nimestaafu, nakaa Terrat, nina kuku na bustani ya sukuma wiki. Vijana wa jirani wanapenda kunitembelea wakitoka dukani ili niwasomee pakiti. Nawaambia waache maneno makubwa ya mbele, hayo yaliandikwa na mtu wa biashara, wageuze nyuma kwenye jedwali dogo, watafute gramu mia, walinganishe pakiti na pakiti. Nawaambia kitu kikipunguzwa mafuta waangalie sukari, maana mara nyingi utamu uliotoka mlangoni umerudishwa dirishani. Wananicheka kwamba bibi amerudi kazini. Na kweli, nikishika pakiti mapigo ya moyo hubadilika.

Mwezi uliopita nami niliitwa na daktari. Damu yangu imeanza kuwa na mafuta kuliko inavyotakiwa. Niliposikia nilicheka peke yangu kwenye korido, watu wakanigeukia. Nikapita dukani nikanunua mtindi wa kifuniko cha bluu. Nilipofika nyumbani nikabandua kifuniko, nikakigeuza. Herufi si zangu tena, ni N.L., Naomi, binti niliyemwachia kiti. Nikampigia simu kabla sijachukua kijiko, naye akaniamkia shikamoo, nami sikukumbuka hata kuitikia.

"Umepima wapi?" nilimuuliza.

"Kwenye kopo, mama. Lililofungwa, kutoka rafuni dukani. Nilivaa mabuti nikaenda mwenyewe."

Nikakaa chini, nikatia kijiko. Ulikuwa mwepesi, mchachu, unashika taya, hauna utamu wa Yeyo hata chembe. Nilifurahi mno, nikaumaliza wote.